Mwaka Tope Lilipowekewa Ulinzi

Nchi ninayoisimulia ipo, na ukiitafuta kwenye ramani utaiona, isipokuwa siku ambazo ramani imekunjwa. Ni nchi ya amani, yenye wizara thelathini na nane na misimu miwili ya mvua. Mimi nilikuwa karani wa mihtasari katika Wizara ya Viwanda na Matumaini. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kilichosemwa kwenye vikao, kisha kufuta kile ambacho hakikupaswa kusemwa. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yale nisiyoyaona niliyaandika vilevile, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Katika mji wa Lukombe kulikuwa na Kiwanda cha Ngozi cha Taifa. Ngozi mbichi za ng'ombe ziliingia kwa lango la mbele, ngozi laini zikatoka kwa lango la nyuma, na kwa njia ya tatu, ambayo haikuwa lango bali bomba, lilitoka tope la kijani. Tope hilo lilipita kwenye mfereji hadi bwawani, na kutoka bwawani lilikwenda lilikotaka. Mara nyingi lilitaka kwenda kwenye visima vya mtaa wa Bondeni.

Aliyelijua tope hilo kuliko mtu yeyote alikuwa Bi. Sikujua Chambuso, fundi wa maabara ya kiwanda. Kila mwezi kwa miaka kumi na tisa alishuka Bondeni na chupa zake, akachota maji ya visima, akapima kromu iliyomo, ile kemikali ya kulainishia ngozi, akaandika ripoti. Ripoti zote ziliishia kwa sentensi moja: "Maji hayafai kwa matumizi ya binadamu." Wizara ilizipokea zote na kuzigonga muhuri wa "Imepokelewa kwa furaha", maana ule muhuri mwingine ulikuwa umepotea.

Mara moja tu alijibiwa. Mkurugenzi mmoja alimwandikia kumuuliza kama sentensi ya mwisho isingeweza kusomeka "Maji yanafaa kwa binadamu wavumilivu." Bi. Sikujua alikataa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kubadili tarakimu hata moja, hata zile za baada ya nukta ambazo hakuna anayezisoma. Hakupandishwa cheo kwa ajili hiyo. Hakufukuzwa pia, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuzishika zile chupa.

Mama yake, Bi. Nyamizi, aliishi huko huko Bondeni akilima mchicha kando ya mfereji. Vidole vyake vilikuwa na vidonda vilivyopona wakati wa kiangazi na kurudi masika. Binti alimsihi mara nyingi ahamie kwake, kule mlimani.

"Nikihama, mchicha nao utanifuata?" Bi. Nyamizi alikuwa akimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Mwaka huo Waziri wetu, Mheshimiwa Barnabasi Kitundumo, alirudi kutoka mkutano wa ughaibuni akiwa na mashine ya akili mnemba. Waliompa walimweleza kwamba inaweza kuchunguza taka za viwandani, ikatambua mali iliyojificha ndani yake na kufundisha namna ya kuitoa. Mheshimiwa alisikiliza nusu ya kwanza ya maelezo hayo, kisha akaitwa kwenda kupigwa picha.

Mashine ililetwa Lukombe, ikawekwa katika chumba chenye kiyoyozi na zulia jekundu. Ikapewa cheo cha Profesa, ili wakurugenzi wasione haya kuisikiliza. Ukatoka waraka kwamba mtu yeyote aliye chini ya cheo cha mkurugenzi haruhusiwi kuzungumza na Profesa. Baadaye ikabainika kwamba kuzungumza naye ni kwa kuandika, na wakurugenzi wetu walikuwa hawajaandika kitu kwa vidole vyao tangu walipoteuliwa. Basi akaitwa Bi. Sikujua. Akapewa wadhifa wa Vidole vya Mkurugenzi, akaruhusiwa kuingia chumbani kwa sharti la kutokanyaga zulia.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo na daftari langu. Mheshimiwa Kitundumo alisimama mbele ya mashine, akarekebisha tai, akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Muulize: ndani ya bwawa letu kuna nini?"

Bi. Sikujua alimpa Profesa ripoti zake zote za miaka kumi na tisa, kisha akaandika swali. Jibu likaja mara moja, akalisoma.

"Katika tope la Lukombe kuna kromu nyingi sana. Kromu hiyo ina thamani kubwa, na inaweza kutolewa na kutumika tena."

Makofi yalipigwa kwa dakika nne. Nilizihesabu, kwa kuwa zilitakiwa kuingia kwenye muhtasari.

"Kuna aya ya pili, Mheshimiwa," alisema Bi. Sikujua.

"Inasemaje?"

"Inasema, 'Lakini kwa jinsi lilivyo sasa tope hili ni sumu, na linaingia kwenye visima vya watu. Acheni kwanza kulimwaga, kisha nitawaonyesha hatua za kuitoa kromu.'"

Waziri alitafakari. Kisha akanigeukia. "Karani, aya ya kwanza ni utaalamu. Aya ya pili ni maoni. Andika utaalamu."

Nikaandika utaalamu.

*

Wiki hiyo hiyo Mheshimiwa alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi wenzetu walituambia tuna uchafu. Leo sayansi imesema. Hatukuwa wachafu! Tulikuwa matajiri ambao hawajapimwa!"

Neno "taka" likaondolewa katika lugha ya serikali na mahali pake likawekwa "hazina tope". Bwawa la Bondeni lilizungushiwa uzio wa senyenge na kupewa askari kumi na wawili chini ya Koplo Matojo, kijana mpole kutoka mikoa ya kaskazini aliyedhani anakuja kulinda benki.

Shida ya kwanza ilikuwa miguu. Watu wa Bondeni walipita kando ya mfereji kwenda mashambani, na nyayo zao zikaondoka na tope. Tope likiwa mali ya umma, nyayo zikawa zimebeba mali ya umma. Ukatolewa utaratibu kwamba kila mwananchi anawe miguu mbele ya askari kabla ya kwenda nyumbani.

Bi. Nyamizi alizuiwa siku ya kwanza.

"Bibi, nawa miguu kwanza," Koplo Matojo alimwambia.

"Ninawe kwa maji gani, baba?"

"Haya ya mfereji."

"Haya si ndiyo yenye tope?"

Koplo aliutoa waraka mfukoni, akausoma mpaka mwisho, akaurudisha mfukoni. "Bibi," alisema polepole, "nawa tu."

Shida ya pili ilikuwa visima. Profesa alikuwa amesema wazi kwamba kromu imefika visimani. Wanasheria wa wizara wakahitimisha kwamba anayekunywa maji ya kisima anakunywa hazina ya taifa. Wengine walitaka visima vifungwe, lakini serikali yetu ina huruma. Ikaamuliwa kwamba wakazi waruhusiwe kuazima maji, kwa sharti la kuyarudisha. Namna ya kuyarudisha haikutajwa kwenye waraka, ila serikali ilijenga choo cha umma kando ya bwawa, na watu wakaelewa.

Shida ya tatu ilitoka kiwandani kwenyewe. Meneja, Bwana Tegemeo, alipata barua ya kumuuliza kwa nini anapoteza nguvu za wafanyakazi kutengeneza ngozi, ilhali ngozi ni makombo tu ya uzalishaji wa hazina tope. Bwana Tegemeo alikuwa na watoto sita na alipenda kazi yake. Akasimamisha ngozi. Dawa zote za kulainishia ngozi zikamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye magunia hadi bombani, pasipo kukutana na ng'ombe yeyote. Uzalishaji ukapanda mara tatu. Wafanyakazi wakapewa vyeti. Baada ya miezi miwili nchi nzima ilikuwa haina ngozi ya kutengenezea viatu, na askari wa Koplo Matojo walikuwa wakilinda utajiri wa taifa wakiwa na kandambili.

Bado kulikuwa na nchi jirani. Mto wetu huvuka mpaka, na wataalamu walikadiria kwamba kwa miaka mingi hazina yetu nyingi imeelea hadi ng'ambo. Mheshimiwa alimwandikia waziri mwenzake barua kali akidai irudishwe mara moja, bila kupungua hata kijiko.

Jirani alijibu kwa adabu kubwa. Aliomba radhi kwa kukaa na mali ya watu muda wote huo. Juma lililofuata malori mia tatu na arobaini yalipanga foleni mpakani yakiwa yamejaa tope, na baadhi yake, kwa kuangalia tu, lilikuwa tope la viwanda ambavyo sisi hatunavyo. Lilipokelewa kwa bendi ya matarumbeta. Mheshimiwa alivishwa nishani. Bwawa likajaa hadi kwenye kingo, na masika yalipoanza likajaa kupita kingo.

*

Masika hayo Bi. Nyamizi alishindwa kushika jembe. Halafu akashindwa kushika kijiko.

Bi. Sikujua alimkuta mchana mmoja amekaa kizingitini, viganja amevigeuzia juu mapajani kama anayesubiri kupewa kitu. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka hadi nyama ikaonekana. Jirani mmoja alikuwa akimlisha ugali.

"Usinitazame hivyo," mama alisema. "Sijafa."

"Twende kwangu, mama. Leo hii."

"Na hawa?" Bi. Nyamizi alionyesha mtaa kwa kidevu, kwa kuwa vidole havikunyooka. "Utawachukua wote? Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

Vilikuwa viwili. Bi. Sikujua alimpaka mama mafuta, akamfunga vitambaa, akarudi kiwandani akitembea haraka kuliko kawaida yake. Aliingia moja kwa moja katika chumba cha Profesa. Kwa mara ya kwanza alilikanyaga zulia.

Hakuuliza bwawani kuna nini. Aliandika: "Ile aya ya pili. Nionyeshe hatua."

Profesa alianza kwa kuuliza. "Katika ripoti yako ya mwaka wa saba, mwezi wa tano, kiwango cha kromu kilishuka ghafla, kisha kikapanda tena. Kulitokea nini?"

Bi. Sikujua aliniambia baadaye kwamba alilisoma swali hilo mara tatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kuulizwa na yeyote kuhusu mwezi wa tano wala mwezi mwingine wowote. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, akalia, kisha akafuta vidole kwenye sketi ili asiloweshe mashine, akajibu: "Wafanyakazi waligoma wiki tatu. Bomba lilikauka."

"Nilidhani hivyo," aliandika Profesa. "Maana yake visima vinajisafisha haraka, tope likizuiwa. Una namba nzuri sana. Bila hizi nisingejua kiasi cha kuweka. Tuendelee: mwaka wa kumi na moja, mwezi wa pili?"

Waliendelea hivyo hadi saa ya kufunga ofisi. Mwishoni ikatoka kanuni isiyozidi ukurasa mmoja. Tope lisimame kwanza kwenye mapipa. Litiwe magadi kidogo kidogo huku likikorogwa, kwa vipimo vilivyotokana na zile ripoti zake, mpaka kromu ishuke chini kama uji wa kijani na maji ya juu yabaki meupe. Maji yaachiwe yaende zake. Uji ukitiwa tindikali kwa kipimo unarudi kuwa dawa ile ile ya kulainishia ngozi.

Aliipeleka kwa Meneja. Bwana Tegemeo aliusoma ukurasa, akafunga mlango, akausoma tena.

"Dawa ile ile tunayoinunua ng'ambo?"

"Ile ile."

"Na nikiulizwa?"

"Utasema unaikoroga hazina isigande," alisema Bi. Sikujua. Huo haukuwa uongo kamili, na ndiyo maana aliweza kuutamka.

Wakapanga mapipa ishirini katikati ya bomba na bwawa. Magadi yalipatikana sokoni, kwenye meza za wauza viungo. Wanawake wa Bondeni walikuja kukoroga kwa zamu wakitumia miko mirefu ya harusini, na waliteka tope la bwawani na maji ya visima vyao wakayapitisha humo humo. Koplo Matojo aliwauliza wanapika nini. Bi. Sikujua alimweleza ukweli wote, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kueleza mambo. Koplo alitazama kandambili zake.

"Hiyo dawa," aliuliza, "ukiipata, ngozi itatengenezwa?"

"Itatengenezwa."

"Basi mimi sijaona mapipa."

Baada ya mwezi wa tatu ngozi ilianza kutoka tena, kimya kimya, na askari kumi na wawili wakapata buti. Mwezi wa sita Bi. Sikujua alipima kisima cha mama yake akapata sehemu nne tu za mia za miligramu kwa lita, maji yanayofaa kunywewa. Alipima tena, kisha akaazima chupa nyingine akapima mara ya tatu. Jioni hiyo Bi. Nyamizi alimenya muhogo kwa mikono yake mwenyewe, polepole sana, bila kumruhusu mtu mwingine kugusa kisu.

*

Siri ilifichuliwa na chura.

Mheshimiwa Kitundumo alikuwa amewaleta wageni kuliona bwawa. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu vizazi vijavyo chura aliporuka kutoka majini, akatua kwenye ubao wa kuandikia wa mgeni mmoja, akalia mara mbili, akarudi majini. Wageni walitabasamu. Mheshimiwa hakutabasamu. Alikuwa mtu wa haraka pale alipotaka, na alielewa mara moja maana ya chura.

"Huyu," alisema, "anaishije ndani ya hazina yetu?"

Iliundwa Tume ya Kuchunguza Kupotea kwa Uchafu wa Taifa. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri, na shahidi wa kwanza alikuwa Waziri. Chura alikamatwa, au chura mwingine anayefanana naye, akawekwa mezani ndani ya chupa kama kielelezo namba moja. Mimi niliandika muhtasari.

"Bi. Sikujua," Mwenyekiti alianza, "kromu ya taifa iko wapi?"

"Sehemu iko kwenye mapipa sita, Mheshimiwa. Nyingine iko miguuni mwa askari."

Koplo Matojo, aliyesimama mlangoni, alirudisha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Nani alikuruhusu kuitoa?"

"Aya ya pili."

"Aya ya pili haipo! Karani, ipo aya ya pili?"

Nikafungua muhtasari wa siku ile. "Haipo, Mheshimiwa," nikasema. Ilikuwa kweli, kwa sababu niliiacha mimi. Bi. Sikujua aliniangalia, bila hasira, kama anavyoangalia chupa aliyosahau kuiziba. Ningependelea anitukane.

Akaletwa Profesa kwenye kigari, zulia lake likiwa chini yake. Swali liliandikwa na Vidole vya Mkurugenzi wapya, wawili kwa wakati mmoja ili wachungane. Je, mwanamke huyu ameharibu hazina ya nchi?

"Hapana," alijibu Profesa. "Ameitoa. Iliyokuwa bwawani ilikuwa sumu, na iliyo kwenye buti ndiyo mali. Alifanya kile nilicholetwa mimi kukifanya, na sehemu ngumu zaidi aliifanya kabla sijafika. Napendekeza apewe wasaidizi na mapipa zaidi."

Kikao kiliahirishwa kwa chai. Kiliporudi, Profesa alistaafishwa kwa manufaa ya umma kwa kosa la kutozoea mazingira ya nchi, akapelekwa stoo. Bi. Sikujua hakufungwa. Tume iliona kwamba kumfunga kungeleta maswali. Aliagizwa tu kurudisha alichokitoa: mapipa yote sita ya ule uji wa kijani yamwagwe tena kwenye mfereji wa Bondeni, hadharani, siku ya Jumatano saa tatu asubuhi, ili utajiri urejee visimani.

*

Jumatano kulikuwa na manyunyu. Mapipa sita yalipangwa ukingoni, wapiga picha upande huu, watu wa Bondeni upande ule. Bi. Nyamizi alisimama mbele yao, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Mwaga," alisema Mheshimiwa.

"Simwagi," alisema Bi. Sikujua. "Mama yangu anakunywa hapo. Kama ni kufungwa, nifungeni."

Alisema kwa ile ile sauti yake ndogo, na wote tulimsikia, hata wapiga picha.

Mheshimiwa hakukasirika. Serikali ina watu wengi. Alimwagiza Katibu Mkuu amwage. Katibu Mkuu alilitazama pipa kwa karibu, akakumbuka kwamba ana ngozi nyepesi, akamwagiza Mkurugenzi. Mkurugenzi alimwagiza Mkurugenzi Msaidizi, ambaye alimwagiza Meneja. Bwana Tegemeo alisema mgongo unamsumbua tangu utotoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile aya ya pili wote walikuwa wanaikumbuka, neno kwa neno.

Agizo likamfikia Koplo Matojo, ambaye hakuwa na wa kumwagiza aliyesimama karibu.

Bi. Nyamizi alitoa mikono ndani ya kanga. Alivinyoosha tu vidole vyake, vyote kumi, vikiwa na makovu meupe lakini vimenyooka, na Koplo akaviona. Kisha Koplo aliingia nyuma ya mapipa. Zikasikika kelele za chuma kugongana. Wakati huo manyunyu yakageuka mvua, viongozi wakahangaika na miavuli, na wapiga picha wakafunika vioo vya kamera zao.

"Imetekelezwa, Mheshimiwa!" Koplo alipaza sauti akipiga saluti.

"Lini?"

"Sasa hivi, ulipokuwa unafungua mwavuli."

Waziri aliyaangalia mapipa. Yalikuwa na vifuniko. Angeweza kwenda kugonga moja asikie kama limejaa, lakini kwa kufanya hivyo angelazimika kuligusa.

"Vizuri," alisema. "Lakini takwimu nataka sasa. Bi. Sikujua, pima kisima, taifa lisikie."

Tulishuka wote hadi kisima cha Bi. Nyamizi. Bi. Sikujua alichota, akatia dawa yake, akatikisa chupa, akasubiri. Nilikuwa karibu nami nikaona: maji hayakubadilika rangi. Sehemu nne za mia, labda tatu. Nilimwona jinsi alivyoshindana na ile namba, mwanamke ambaye hakuwahi kubadili hata tarakimu ya baada ya nukta, na jasho lilimtoka chini ya mvua.

Angesema ukweli, mapipa yangefunguliwa.

"Namba gani?" Waziri aliuliza.

"Sema, mwanangu," alisema Bi. Nyamizi.

"Arobaini," alisema Bi. Sikujua. "Arobaini kamili, Mheshimiwa. Sijawahi kuona maji mabaya kiasi hiki."

Makofi. Mara hii sikuhesabu dakika. Niliandika "arobaini", na kando yake, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, niliandika kitu ambacho sikuambiwa: "Karani amethibitisha kwa macho."

Alipoingia ndani kwa mama yake alitapika. Nilimletea maji, nikamwomba radhi kwa ile aya. Aliyanywa, akasema aya hiyo nitaendelea kudaiwa, nami nikakubali.

*

Tangu siku hiyo Bi. Sikujua ana kazi mbili. Asubuhi husafisha maji, na mwisho wa mwezi huandika kwamba ni sumu tupu. Wizara imefurahi mno. Hadi leo, kabla ya kuandika namba ya uongo, hujifungia kwanza.

Lukombe ikatangazwa wilaya ya mfano. Wilaya nyingine zikaulizwa kwa nini visima vyao vina utajiri mdogo. Basi wakaanza kuja mafundi wa maabara kutoka kila upande: kwenye viwanda vya saruji, vya sukari, vya betri, vya nguo. Walikuja na barua za wakuu wao zilizowaagiza kujifunza jinsi Lukombe inavyopata sumu nyingi namna ile. Walikuwa watu wenye nyuso za uchovu, wengi wao wanawake, na kila mmoja alibeba mkoba wa ripoti za miaka mingi ambazo hazikuwahi kusomwa.

Bi. Sikujua aliwakaribisha chai. Kisha alifungua stoo, akachomeka waya wa Profesa ukutani, akawaambia waketi.

"Nani aanze?" aliandika Profesa. "Nataka kuziona namba zenu."

Hayo ni ya miaka minne iliyopita. Leo, kwa takwimu rasmi zilizogongwa mihuri yote, nchi yetu ndiyo yenye maji machafu kuliko zote duniani, na Mheshimiwa Kitundumo hualikwa kila mahali kueleza tulifikaje hapo. Mimi nimestaafu. Nimepanga chumba Bondeni, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi. Nyamizi, na kabla ya kuketi kukuandikia haya nimekunywa glasi mbili kutoka kisimani.